Majani ya Mkadi Niliyopewa Itungi

Namshukuru Mungu kwa kunijalia subira, maana pua hakunijalia. Mke wa askari mmoja kutoka pwani alinisifia wali uliopikwa kwa majani ya mkadi, marefu, membamba na yenye kunukia. Mimi, mzee wa kanisa ninayejua kila kitu, ningeulizaje zaidi? Siku chache baadaye, pale bandarini Itungi, nikayaona majani marefu katika mtumbwi wa mama muuza vyungu. Nikamwomba fungu moja. Akanipa bure, tena kwa huruma.

Jumapili wakaja watu wa Ikolo kujibu posa ya mwanangu. Wali niliupika mwenyewe, kisha nikawahubiria harufu yake kama Injili. Baba wa binti akatafuna, akateremshia maji. Mama wa binti akashukuru kikwetu, "Ndaga, mzee. Hii harufu ya tope ndiyo ya pwani?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Pua za huku hazijaizoea."

Shangazi wa binti, aliyejifunika khanga nyuma yao, akainua uso. Alikuwa yule muuza vyungu.

"Tumeizoea sana, mzee. Ni nyasi ninazopangia vyungu visivunjike. Nilidhani unampelekea mbuzi."