Safari ya Kisondela na Mteremko wa Mwalimu Tumpe

Jumanne mdogo wangu Tumpe alinipigia simu. Ana digrii ya ualimu wa hisabati na anatumia kiti cha magurudumu. "Kaka, nimepangiwa shule ya kwetu Kisondela, lakini kwa kiti hiki darasani siwezi kuingia. Mkuu wa shule anasema Jumatatu ikipita sijaingia, barua yangu ya kupangiwa kazi inarudi wilayani."

Nilifunga begi. Mimi nina diploma ya ujenzi, na juu yake nimesomea ufikivu, yaani kujenga mahali ambapo kila mtu anaingia mwenyewe. Wenzangu waliiita kozi ya huruma. Leo wananitafuta.

Alhamisi asubuhi nilishuka Tukuyu kwenye mvua, nikachukua bodaboda. Migomba, parachichi, utelezi.

Kisondela, saa nne. Mzee Ambakisye, fundi wa kijiji, alinionyesha mteremko wa kuingilia darasani. Kwa kumheshimu mwalimu alikuwa ameupiga niru, ile saruji nyororo ya sebule za wenye uwezo.

"Unang'aa kama kwa bwana harusi!" alijisifu.

Uling'aa kweli. Kwa mvua ya Rungwe, hata mbuzi angeteleza. Tena ulikuwa mfupi na wima mno.

Mchana alikuja Lusajo, mhandisi aliyeuchora. "Diploma imekuja kuifundisha digrii?"

"Digrii yako ni nzima, bwana. Hebu kaa hapa." Tumpe akahamia kwenye benchi, nami nikampa Lusajo kiti chake. Alisukuma magurudumu mara tatu kuupanda mteremko, akarudi kinyumenyume hadi matopeni.

Tumpe akacheka. "Karibu kazini kwangu, mhandisi."

Lusajo alijifuta matope, akashika futikamba ya kupimia. Tuliuvunja mteremko siku hiyo hiyo, tukaanza upya. Kila sentimita ya kupanda tuliipa kumi na mbili za kwenda mbele, tukaweka kona ya kupumzikia na mabomba ya kushikilia. Zege likiwa bichi, nikaliburuzia ufagio mgumu ili libaki na mikwaruzo isiyoteleza.

"Unalichakaza, mwanangu!" Ambakisye alilalamika.

Jumatatu, saa moja na nusu, mvua ilikuwa inanyesha. Tumpe alikataa kusukumwa. Alipanda, akapumzika konani, akapanda tena, akaingia. Darasa zima lilishangilia, na mkuu wa shule akamkabidhi chaki. Ambakisye aliupanda kwa gambuti mara mbili, asiteleze. "Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa.

Jumanne, stendi ya Tukuyu. Lusajo alinisindikiza. "Miaka minne nimesomea jengo lisianguke," alisema. "Sikufundishwa kuuliza nani ataingia."

Hapo nikajua kozi yangu haishindani na digrii ya mtu. Inaikamilisha, awe mhandisi au mwalimu. Lusajo akaniomba jina la chuo nilichosomea ufikivu. Nilimwandikia, tena kwa herufi kubwa.