Mlio Ambao Nashon Hakuusikia

Phanuel Wanzala ni seremala wa mtaa wa Gatwekera, lakini mapenzi yake ni spika. Vitanda hutengeneza ili watoto wale. Masanduku ya spika hutengeneza kwa sababu hawezi kuacha. Rafiki yake Nashon, fundi wa kufua masanduku ya bati kule mtaa wa Silanga, alikuwa na ugonjwa huohuo. Kila Jumapili baada ya kanisa walikaa kwa Phanuel wakisikiliza muziki wa gita wa benga, wakibishana juu ya besi kama watu wanaogombania shamba.

Mwaka jana Phanuel alimaliza spika aliyoipenda kuliko zote. Nashon akasikiliza wimbo mzima, akatikisa kichwa.

"Omera, ndugu yangu, hii umeifunika blanketi. Gita linalia ndani ya gunia."

"Gita liko wazi kabisa. Wewe umezoea kelele."

"Nimezoea muziki. Wewe unapenda tu mbao zako."

"Basi masikio yako yamekufa!"

Nashon akachukua kofia yake, akaenda. Jumapili kadhaa hakuonekana. Phanuel aliifungua ile spika, akabadilisha waya, akaijaribu tena. Kwake ilikuwa tamu vilevile, na hilo ndilo lililomuudhi.

Mwishowe Filister, mke wa Phanuel, alimwita Nashon aje kula dagaa wa omena. Akaja. Phanuel akawasha amplifaya, na kabla wimbo haujaanza Filister akakunja uso.

"Baba Joan, zima hiyo kitu. Inanipigia piii kwa masikio."

"Ni chaja ya simu inaingilia. Ngoja niichomoe."

Nashon akawatazama. "Nini inalia?"

"Hiyo filimbi, shemeji. Huisikii?"

Akainama mpaka sikio likagusa spika. Akageuza la pili.

"Nasikia tu nyinyi mkiongea."

Phanuel aliwaza nyundo ya Nashon juu ya bati, asubuhi hadi jioni, miaka yote hiyo. Akaona haya.

"Ndugu yangu, nilikukosea. Nilidhani unabisha tu."

"Hata mimi nilidhani ni wewe umeharibika," Nashon akasema polepole.

Kliniki walimwambia Nashon kwamba sauti nyembamba zilizompotea hazirudi, ila usikivu uliobaki unaweza kulindwa. Siku hizi hagongi bati bila kuziba masikio.

Phanuel naye akamtengenezea spika nyingine, akaifungulia sauti nyembamba mpaka mwisho. Kwake mwenyewe ilikwaruza kama msumeno kwenye mabati. Wakaweka wimbo wa nyatiti, kinanda cha nyuzi ambacho mpigaji hukigonga kwa pete ya chuma aliyovaa mguuni. Katikati Nashon akainua mkono.

"Pete! Ile pete ya kidole cha mguu. Nasikia ikigonga!"

Filister akabeba karai lake la mboga za sukuma, akaenda kuzikatia nje. Phanuel akabaki, akavumilia, na wimbo ulipoisha akamuuliza rafiki yake kama angependa kuurudia.