Alainisha njia ya vigari, mjukuu wake apita mchangani

Apolinaria Bundala anapiga magoti katikati ya njia na kuokota kokwa ngumu za matunda ya mbula, anazitupia kwenye toroli. Jua la Oktoba halijapanda juu ya miyombo, lakini gauni lake limeshalowa jasho mgongoni.

“Gurudumu likipanda kokwa moja tu, mtoto anaamka,” anasema bila kuinua kichwa. “Akiamka akalia, mama yake anakwenda kulalamika kwa msimamizi. Msimamizi ananijia mimi.”

Hii ni Njia ya Vigari vya Watoto ya kijiji cha Itobela, nje ya mji wa Tabora. Ni njia ya matembezi. Inaanzia kwenye maegesho ya magari, inapita kando ya majaruba ya mpunga, inaingia msituni na kufuata kipande cha njia ya kale ya misafara, kisha inaishia bwawani kwenye vibanda vya chai. Imemwagiwa moramu ikashindiliwa, ili familia zenye watoto wadogo zisukume vigari vyao bila kutikisika.

Wageni wanakuja kutoka mjini, Mwanza, Dar es Salaam, wengine ng'ambo. Wote wanaisifia, na kweli inapendeza. Anayeifanya ipendeze ni huyu mama wa miaka hamsini na minne na reki yake.

Mjukuu wake, Dionis, haruhusiwi kusukumwa juu ya njia hii. Inauma, jamani, na sijui namna ya kulisema hilo taratibu.

Dionis ana miaka tisa. Alizaliwa na mtindio wa ubongo na miguu yake haijawahi kumbeba. Mama yake, Magreth, yuko Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, anarudi kwa msimu. Mtoto ni wa bibi. Mwaka juzi shule ya msingi iliyo ng'ambo ya msitu ilifungua darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, na Dionis akaandikishwa.

“Anajua kusoma,” Apolinaria anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. “Anasoma hata maandishi ya mifuko ya mbolea. Anasoma mpaka unamwambia basi, nyamaza, nimechoka!”

Kwenda shule kulikuwa na njia ya mikokoteni ya ng'ombe. Ndiyo hii hii tuliyosimama juu yake. Wenye mradi huu wa matembezi walipoihitaji waliitisha mkutano wa kijiji, wakaomba wananchi waitoe pamoja na vipande vya mashamba ya kandokando. Waliahidi kujenga njia ya vigari.

Hapo ndipo Itobela ilipojikaanga kwa mafuta yake. Huku kwetu mtu akisikia kigari, anafikiria kitu cha kubebea: cha maji, cha mahindi, cha mgonjwa. Wanaume waliposikia “vigari” wakaona mikokoteni yao ikiteleza kwenye moramu. Wakapiga makofi.

Apolinaria alisikia zaidi ya hapo. Alisikia “vigari vya watoto”.

“Mayo! Mimi nikasema, serikali imemwona Dionis,” anakumbuka. “Nilinyoosha mkono wa kwanza. Nikatoa na shamba langu la karanga, lile la kule kwenye kona. Waliniuliza, mama una uhakika? Nikawaambia chukueni, chukueni lote.”

Anacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Wakati huo kigari cha Dionis kilikuwa kimeshatengenezwa. Fundi Sabiri wa mjini, mchomeleaji, alichukua kiti cha plastiki, akakifunga kwenye chuma chenye magurudumu mawili ya baiskeli. Magurudumu akayaachanisha sana ili kisipinduke kwenye mashimo ya kijijini.

Njia ilipokamilika, zikachimbiwa nguzo mbili za mti kila mwisho, kuzuia ng'ombe, pikipiki na mikokoteni. Nafasi kati ya nguzo ilipimwa kwa kigari cha dukani. Kigari cha Sabiri hakipiti.

Jumapili moja baada ya misa, Apolinaria alimshusha mjukuu wake chini, akakilaza kigari ubavu, akakivuta hadi ndani, akampakia tena. Walikwenda mpaka bwawani.

“Hakikutikisika hata kidogo. Mtoto anacheka tu njia nzima, ananiambia bibi kimbia. Na mimi na kiuno hiki nikakimbia!”

Kuna mgeni aliyewapiga picha. Picha ikafika kwa wakubwa wa mradi. Wiki hiyo hiyo likabandikwa tangazo kwenye kibanda cha msimamizi: wafanyakazi wasiingize mikokoteni njiani, inaharibu mandhari.

“Mkokoteni,” Apolinaria analirudia neno hilo polepole. “Mtoto amekaa ndani, ana magurudumu, nasukuma mimi. Kile cha mgeni ni kigari, cha kwangu ni mkokoteni. Hebu niambie wewe uliyesoma, tofauti ni nini?”



Msimamizi wa njia ni Awadhi, kijana mpole wa Tabora mjini. Nilipomuuliza juu ya nguzo, aliangalia pembeni. “Mimi mwenyewe nimeajiriwa, kaka. Nimeshalipeleka mara mbili. Wanasema kuna utaratibu, tusubiri.” Kuhusu mandhari, alisema neno hilo si lake. Nilimwamini, lakini Dionis haendi shule kwa kuaminiwa kwa Awadhi.

Kwa hiyo kila siku ya shule, Apolinaria akishafagia kipande cha kwanza anarudi nyumbani, anampakia mjukuu wake na kumvuta kwa kuzunguka mbugani. Huko ni mchanga mtupu. Magurudumu yanazama, anavuta, anapumzika, anavuta tena. Zamani alimbeba mgongoni. Sasa mtoto amekua na kiuno kimekataa.

Mvua zikianza, mbuga inajaa maji. Mwaka jana Dionis alikaa nyumbani msimu mzima. Mwalimu wake ameshasema akikosa tena namna hiyo, nafasi atapewa mtoto mwingine.

Mbona asiache kazi hii ya watu wasiomthamini? Ananiangalia kama niliyeuliza upuuzi. Mshahara hauvuki laki moja na nusu kwa mwezi, lakini shamba la karanga ndilo hilo limelala chini ya moramu.

“Wazee wetu walipita hapa hapa na mizigo ya watu kichwani,” anasema. “Walau wao hawakudanganywa kwamba njia ni yao.”

Wakati tukiongea anatokea mama kijana anayesukuma kigari cha kijivu. Kinapita katikati ya nguzo bila kugusa. Mtoto amelala fofofo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni.”

“Jamani njia yenu nzuri! Yaani hata hajashtuka.”

“Tunashukuru,” Apolinaria anajibu, na anasogeza toroli ampishe. Mgeni akishapotea kwenye kona anatema mate pembeni.

Kisha ananiita kwenye nguzo. Anaisukuma kwa kiganja, inacheza kidogo. Zimechimbiwa udongoni tu, bila zege. Kila mvua za kwanza zikinyesha zinalegea na kuinama, na kila mwaka anayetumwa kuzing'oa na kuzichimbia upya ni yeye.

Anafungua pindo la khanga na kutoa kamba ya katani yenye mafundo mawili. Ni upana wa kigari cha Dionis, gurudumu hadi gurudumu.

“Nitazisimamisha wima, nitazishindilia vizuri kuliko mwaka jana. Ila kwa kipimo hiki.”

Namuuliza kama haogopi. Nikiliandika hili gazetini, wakubwa watasoma.

“Andika. Jina langu andika lote. Wakitaka kuzirudisha, watafute mtu wa kuzichimbia, na hapa Itobela hawampati. Wote tulitoa mashamba.”

Anaikunja kamba na kuifunga tena kwenye khanga. Upande wa Urambo wingu limeanza kujikusanya, na analitazama kwa muda.

“Mvua ikishanyesha, asubuhi yake atatangulia Dionis,” anasema. “Wageni wa vigari watamkuta njiani, na watampisha.”