Kapteni aliyeweka mtungi yake mwisho wa laini

Wakuu, salamu kutoka Kyuso. Mimi huwa nasoma humu na kupita kimya kimya, lakini leo wacha nitoe hii kitu kwa roho. Chumvi sitaongeza. Mahali siwezi taja, sitataja.

Mimi ni sajini mstaafu. Nalima ndengu, nachunga mbuzi chache. Sikuwahi fikiria siku moja nitakuja kumiss jeshi, lakini wakuu, ninamiss. Si bunduki, si gwaride. Namiss mtu mmoja.

Hii stori imerudi sababu ya msichana wangu Mwende. Yeye pia aliingia jeshi, yuko kambi moja mbali sana huko juu kaskazini, mahali hata maji ni ya kuletwa na lori. Wiki iliyopita alinipigia simu akilia.

"Baba, mimi nataka kutoka. Huku hakuna mtu anajali mtu."

Kabla niwaambie nilimjibu nini, turudi nyuma kidogo.

Wakati huo nilikuwa kambi ya mpakani, mahali pakavu kuliko hata huku kwetu. Na mtu wa Kyuso akikuambia mahali ni pakavu, amini tu.

Maji ililetwa na lori. Lori ikiingia, drum za maofisa zinajazwa kwanza, halafu sisi tunagawana ile imebaki. Kuna siku mkubwa wetu wa wakati huo alioshewa gari na hayo maji, na sisi tumebaki na ya kusukutua mdomo. Tuliangalia tu matope chini ya hiyo gari.

Askari hagombani na mkubwa, wakuu. Analegea tu. Watu wakaanza kuripoti wagonjwa kila asubuhi. Bunduki ni vumbi. Wa lindo anasinzia akiwa amesimama. Rafiki yangu Koplo Mutua, mtu wa Wote kule Makueni, aliwacha ndevu ikakua kabisa. Ukimuuliza anakujibu, "Ninyoe na nini, mate?" Tulikuwa tunacheka, lakini haikuwa kicheko ya raha.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kuacha kazi. Nilimwambia Mama Mwende aongeze boma ya mbuzi, ninakuja.

Ndio tukaletewa kapteni mpya. Mfupi, masikio makubwa, maneno kidogo. Mutua alimwangalia akaninong'onezea, "Aka! Sasa wametuletea mzee wa nyumba kumi."

Siku ya maji ikafika. Tukapanga mitungi ya plastiki vile tunapangaga kwa kisima huku Ukambani. Mnajua vile huwa: mtungi yako ndio inakushikia laini, wewe unaenda kukaa kivulini, na hakuna mtu atathubutu kuigusa. Mara tunaona kapteni, amekataa kujaziwa drum, anakuja na mtungi ya njano mkononi. Yeye mwenyewe, hajatuma mtu. Akapita laini yote, akaiweka mwisho kabisa, akaja kukaa kivulini na sisi.

Mimi nikaona hii ni aibu. Nikaenda nikatoa hiyo mtungi, nikaileta mbele.

Akaniangalia. "Sajini, kwenu mtungi ya mtu husogezwa na nani?"

"Na mwenyewe, afande."

"Basi rudisha."

Nikarudisha. Na maji ikaisha kabla imfikie. Akaokota mtungi yake tupu akaenda zake, hata hakununa.

Asubuhi kwa gwaride sote tunajua huyu mtu hana maji. Akatokea amenyoa, kidevu safi. Alipopita mbele yangu nikasikia harufu ya majani chai. Wakuu, alikuwa amenyoa na chai yake ya jioni!

Akasimama mbele ya Mutua. Akaangalia hiyo ndevu pole pole.

"Koplo, chai jana ulikunywa?"

"Ndio, afande."

"Leo bakisha."

Basi. Hakuna matusi, hakuna kelele. Kesho yake Mutua alikuwa amenyoa, na alikuwa amejikata mahali mbili.

Msidhani alikuwa mtu wa huruma huruma. Bunduki yako ikiwa na vumbi, hiyo siku utajuta. Lakini hata akikuadhibu ulikuwa unajua hajakuonea, sababu hakuna kitu alikuitisha yeye hajafanya.

Lori ikarudi. Hakuna mtu aliitisha mkutano, na mpaka leo sijui nani alianza. Wa kwanza alijaza mtungi yake ikafika shingoni tu, hakumalizia hiyo ya juu, akafunga kifuniko, akatoka. Wa pili vile vile. Mimi vile vile. Hiyo kidogo ya kila mtu ikashuka na laini mpaka mwisho kabisa, ikamfikia kapteni. Na yeye akajaza mpaka shingo, akafunga.

Hakusema asante. Alikohoa tu, akaangalia kando. Mutua alinigusa na kiwiko, na macho yake ilikuwa na machozi. Yangu pia, kwa nini nidanganye.

Kuacha kazi nikasahau. Laini ya wagonjwa asubuhi ikaisha yenyewe.

Baadaye akahamishwa. Alitusalimia mmoja mmoja, halafu mtungi yake akaniwachia mimi. "Sajini, niangalilie hii."

Iko hapa kwangu. Mama Mwende ametaka kuweka mafuta ya taa, nikakataa, tukakosana. Huyo mtu sijamwona tena. Namba haipatikani. Kukiwa na mazishi ya askari huku Matinyani ama Kitui mjini, mimi huenda hata kama marehemu simjui. Naangalia masikio ya maofisa tu. Mnicheke, ni sawa.

Sasa Mwende.

Roho yangu ilitaka kumwambia rudi nyumbani mami, hata leo. Hii nyumba imenyamaza tangu aende. Lakini nikakumbuka juzi alipewa cheo kidogo, ana watu wachache chini yake.

Nikamuuliza, "Siku ya maji, wewe na hao watu wako, unasimama wapi?"



"Mbele, Baba. Si mimi ndio mkubwa wao?"

"Haya. Wiki hii simama nyuma, halafu unipigie. Ukiwa bado unataka kurudi, nauli nitatuma."

Akakata simu. Mama yake alininunia mpaka chakula nikajipakulia. "Mtoto analia, wewe unampea hadithi ya mtungi!" Na mimi nikaanza kujiuliza kama nimempoteza mtoto sababu ya kapteni mwenye sijui hata kama yuko hai.

Jana akapiga.

"Baba, maji iliisha kabla inifikie."

Nikafunga macho. "Halafu?"

"Halafu nikaacha mtungi yangu tupu kwa hema, kurudi jioni nikapata imejaa. Nimewauliza wote, kila mtu anasema si yeye." Akacheka. "Nauli usitume."

Wakuu, kwa maisha yangu nimesikia hotuba nyingi za kuinua morale, na hakuna moja nakumbuka. Nakumbuka mtungi ya njano. Kama umekaa chini ya mtu wa hivyo, jeshini, shuleni, kanisani, popote, tuambie hapa chini, nina hamu ya kusoma.

Na kama kuna mtu humu anamjua kapteni mfupi, wa masikio makubwa, aliyenyoa na chai, mwambieni kuna sajini Kyuso anamtafuta. Mtungi yake iko. Aje tu aichukue, ataipata na maji, mpaka shingo.