Gari Jipya Linalomvujia Mama Mkwe

Yotham alikuwa amechoka, na kilichomchosha si kazi, ni maji. Asubuhi nyingine tena alisimama uani kwake mtaa wa Shanwe, Mpanda, mikono kiunoni, akimtazama mkewe Scola akianika godoro juu ya uzio. Lilikuwa limelowa upande uleule wa kichwani, kama jana yake. Gari lilikotoka godoro hilo lilikuwa jipya, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Lingekuwa mkweche angelisamehe. Lakini hili viti vyake bado vilikuwa na nailoni za dukani!

Lilikuwa gari la kulala. Mbele ni Canter, nyuma ni chumba cha bati kilichopakwa rangi ya maziwa, ndani kuna kitanda, kabati, jiko la gesi na sinki dogo ambalo watoto wa mtaa walipanga foleni kuja kufungua na kufunga bomba lake. Karakana moja ya Dar es Salaam ndiyo iliyokijenga chumba hicho. Yotham aliendesha malori kwa miaka mingi kati ya Mpanda na Tabora, akilala juu ya magunia chini ya turubai, mvua ikimwingia masikioni, na kila alipoamka chapachapa alijiapiza kwamba ipo siku atamiliki gari ambalo mtu analala ndani yake mkavu. Alipouza ng'ombe aliorithi kwa marehemu baba yake, watu walitegemea atajenga. Yeye akaagiza gari. Mvua zikikatika, alisema, atawapeleka wageni hifadhini Katavi wakatazame viboko, wapike chai yao humohumo, walale kama wako kwao. Scola alimsikiliza mpaka mwisho, akasema sawa. Ni ile sawa ambayo mwanamume mwenye akili huiogopa.

Kisha Scola akajifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, Malale. Mama yake Scola, Nyanzala, akatuma neno kwamba anakuja kutoka kijijini Mwamkulu kumwangalia mzazi. Hapo ndipo penye shughuli, maana Yotham amepanga vyumba viwili tu, na kwa Wasukuma wa rika la Nyanzala mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mmoja akiwa na neno kwa mwenzake analipitisha kwa Scola. Katika miaka yote ya ndoa ile Yotham hakuwahi kuambiwa na yule mama hata neno moja la moja kwa moja.

Mwingine angehangaika kutafuta chumba kwa majirani. Yotham alifurahi kupita kiasi. Nani mwingine Mpanda nzima ana nyumba ya kumlaza mkwe peke yake, na sinki juu? Akaamua kumfuata kwa heshima zote. Na heshima zote zilitaka keria ya kubebea mizigo juu ya paa, kwa sababu Nyanzala hasafiri mikono mitupu, na kwa macho ya mtu wa Mpanda gari lisilo na keria ni gari ambalo halijamalizika. Fundi Apollinarie, mtu wa Katumba anayechomelea vyuma karibu na soko, alitoboa paa, akaikaza keria kwa bolti, na chini ya kila bolti akaweka kipande cha mpira wa baiskeli. Ikapendeza kwelikweli. Gari likarudi kutoka Mwamkulu na magunia ya mpunga, tenga la kuku na chungu kikubwa, likiyumba kwenye mashimo. Nyanzala alikaa nyuma chumbani peke yake, na Yotham mbele akawapigia honi hata watu asiowajua.

Mvua ya kwanza ikamlowesha mkwe.

Nyanzala hakusema kitu. Mama mkwe haisemi vibaya nyumba ya mkwewe hata ikimwangukia. Scola ndiye aliyekuta mama yake amejikunja miguuni mwa kitanda, beseni liko kwenye mto. Yotham alipoambiwa, alitamani ardhi ipasuke. Ukoo wa Scola ungesikia kwamba mama yao ananyeshewa ndani ya nyumba ya mkwe, tena nyumba ambayo mwenyewe aliitangaza mji mzima!

Akaanza kupambana. Akapaka silikoni kwenye madirisha, maji yakaja. Akapaka kwenye kifuniko cha tundu la hewa, maji yakaja. Akapitisha lami kwenye maungio yote ya bati mpaka gari la rangi ya maziwa likawa na mistari kama punda milia, na godoro likaanikwa tena. Lililomtoa roho ni kwamba hangeweza kuona maji yanaingilia wapi. Mvua ikinyesha, Nyanzala yumo ndani, na yeye hawezi kutia mguu. Nyanzala akitoka kwenda kumwogesha mtoto, jua limeshawaka, na dari ni kavu, imetulia kama haijui lolote. Alimwagia madirisha maji kwa mpira wa bustani, akaingia kuchungulia, hakuna hata tone. Majirani nao hawakumwacha apumue. Mmoja alishauri mshumaa, mwingine sabuni ya kipande, na mzee mmoja akauliza kwa upole kama hakufikiria kuezeka nyasi.

Alimpigia simu fundi wa Dar es Salaam na kumwaga yote yaliyokuwa kifuani. Fundi alimwacha amalize, kisha akaapa kwamba chumba kile walikimwagia maji nusu siku nzima kabla hakijatoka karakana.

"Kuna kitu umeongeza hapo juu, bosi?"

"Sijaongeza kitu chochote," Yotham alisema, na alisema kwa moyo safi kabisa. Keria haikumjia hata akilini. Keria si kuongeza kitu, ni gari.

Jioni ile Scola alikusanya nguo za mtoto, akazipanga kwenye mfuko moja baada ya nyingine bila haraka.

"Baba Malale," alisema, "mama akilowa tena anarudi kwake. Na akirudi, naondoka naye na mtoto. Nyie mtabaki wawili, wewe na gari lako."

Kesho yake mchana mawingu yakajikusanya upande wa hifadhi. Scola alikuwa bafuni anaoga, Nyanzala amempeleka mtoto kwenye gari ambembeleze alale. Mvua ikashuka ghafla, ile ya matone makubwa. Yotham alikurupuka na turubai, akapanda juu ya gari, lakini upepo ukalivuta turubai likaenda kujitundika kwenye mpapai wa jirani. Kule ndani mtoto akaanza kulia. Yotham akapiga magoti pale juu akiwa hana kitu mkononi, akalitukana gari, akaitukana karakana, akautukana na mji wa Dar es Salaam wenyewe, huku machozi yanamlenga. Angemwita Scola, Scola alikuwa na sabuni machoni.

Ndipo akasikia ko, ko, ko chini ya goti lake.

Mtu alikuwa anagonga dari kwa ndani, kwa mwiko. Yotham akatulia. Mwiko ukasogea kidogo kuelekea mlangoni, ko, ko, naye akasogea. Ukasogea tena. Akaelewa. Yule mama alikuwa amelala chini ya maji yale mvua zote hizo, akiyatazama yanavyotambaa juu ya dari kabla ya kudondoka kwenye mto wa kulalia. Kusema na mkwe hawezi, lakini hakuna desturi iliyokataza mwiko. Yotham akaufuata kwa magoti kutoka juu ya kitanda hadi karibu na mlango, na hapo ukasimama, ukagonga mahali pamoja tu, kwa nguvu, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito kuelewa.

Palikuwa na bolti ya keria. Aliishika, ikacheza mkononi kama jino bovu. Magunia ya mpunga na mashimo ya barabara yalikuwa yameilegeza, na mpira wa baiskeli umechomoka wote. Yotham akakumbuka swali la fundi wa Dar es Salaam. Kisha akaing'oa, akaziba tundu kwa kidole gumba.

Kugonga kukakoma. Mtoto akanyamaza. Mvua peke yake ndiyo iliyosikika kwenye bati, mpaka sauti ya mwanamke mzima ilipopanda kutoka ndani.

"Yamekoma, mkwe. Hiyo keria itoe. Mpunga mwingine nitauleta na bajaji."

Yotham akasogeza mdomo karibu na tundu.

"Ndiyo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Scola alitoka bafuni amejifunga kanga, akachungulia mlangoni mwa gari. Mama yake alikuwa amekaa upande mkavu wa godoro, mwiko mapajani, mtoto amelala. Scola akainua macho akamwona mumewe amelala kifudifudi juu ya paa, kidole kimezama kwenye bati, mvua inamwingia masikioni kama enzi za malori.

"Shuka basi," alisema. "Utaugua."

Yotham akasema hashuki, akiondoa kidole watalowa. Akamwomba tu, akishazitoa nguo za mtoto kwenye ule mfuko, amletee spana ya kuifungua keria.