Karatasi Zisizopitisha Mafuta

Mpaka leo nikinusa wino wa mashine ya stensili natema mate. Wenzangu niliofanya nao kazi huisifu harufu ile, wanasema inawakumbusha ujana. Mimi inanikumbusha mafuta ya nguruwe, na nguruwe mwenyewe hana kosa lolote, nimemla tangu nikiwa mdogo na nikimpata leo nitamla.

Nilikuwa karani wa kutafsiri katika chumba cha chapa cha chuo kimoja cha ualimu, nje kidogo ya Njombe, miaka ile ya Mwingereza baada ya vita. Chumba kilikuwa na mashine mbili, makabati ya karatasi, na dirisha lililokataa kufungwa, kwa hiyo ukungu wa asubuhi uliingia na kukaa nasi mpaka saa nne. Juu yangu alikuwepo msimamizi, Mbena mwenzangu kutoka upande wa Ilembula, mtu wa kanisani sana na mwenye mdomo mchafu. Juu yake alikuwepo Mzungu mkuu wa chapa, ambaye alikuwa na tabia ya kufuta kiko chake kwa karatasi yoyote iliyokuwa karibu na mkono.

Siku moja Mzungu akaleta kijitabu cha Kiingereza juu ya kulea watoto wachanga: kuchemsha maji, kuosha chupa, kumpa mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari kabla hajakauka. Alitaka kitoke kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa ajili ya watu wa Makambako na njia ya kwenda Iringa, wachuuzi na jamaa zao, ambao wengi walisoma madrasa na hawakusoma shule. Tulikuwa tumewapelekea vijitabu vya herufi zetu mara mbili, na mara mbili wakavifanya vya kuwashia moto. Msimamizi alisema hao ni watu wa giza. Mimi niliitikia kwa kichwa, ingawa nilijua mama yangu mwenyewe kule Kichiwa alivifanyia vile vile.

Nikatumwa Makambako kumtafuta wa kuandika. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, ambaye babu yake alipanda huku na mizigo ya biashara kutoka Kilwa. Nusu ya wanaume wa pale sokoni walijifunza herufi kwenye mkeka wake, na mwandiko wake waliujua kama unavyoujua mwendo wa ndugu yako akija kwa mbali. Mikataba ya ndoa, hirizi, barua za kwenda pwani, vyote vilipita mkononi mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza hayo maji ya chumvi na sukari ni kweli yanafaa.

Nikamwambia wauguzi wanasema yanafaa.

“Mjukuu wangu alikufa njiani tukimpeleka hospitali Ilembula,” akasema. “Alikuwa ameharisha siku mbili. Tulikuwa tunamnyima maji, mwanangu. Tulidhani maji ndiyo yanamzidishia.”

Akakubali, lakini kwa sharti. Kila sura lazima ianze kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama kila jambo la heri linavyoanza. Na karatasi yoyote yenye jina hilo, ikiharibika, isitupwe, isikanyagwe, isifungiwe kitu. Irudishwe kwake, ataichoma mwenyewe na majivu atayatia kwenye maji yanayopita. “Watu watakisoma kitabu hiki kwa sababu ni mkono wangu,” akasema. “Mkono wangu ukionekana mahali pachafu, hawatakisoma, na watoto wao hawatakaa tena kwenye mkeka wangu. Unaniahidi?” Nikamwahidi. Nilimpa mkono kabisa, na mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

Alikuja Njombe kwa lori, akafikia kwa muuza duka Mwislamu wa mjini, na kwa wiki sita akawa anatembea kila asubuhi mpaka chuoni, amejifunga blanketi juu ya kanzu. Kazi yetu ilikuwa hivi. Mimi nilisoma Kiingereza kimoyomoyo, nikasema sentensi kwa Kiswahili, naye akainyoosha, maana Kiswahili changu kilikuwa cha shule na kilinuka chaki. Kisha akaiandika kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi laini ya nta. Mahali kalamu ilipopita nta ilitoka, na baadaye karatasi ile ikifungwa kwenye mashine wino ulipenya hapo tu, na kurasa mia zikatoka kwa mwandiko ule ule.

Shida ilikuwa baridi. Kwa baridi ya Njombe nta iligeuka ngumu, ikapasuka katikati ya neno, na ukurasa mzima ukaharibika. Tukaleta jiko la makaa. Likiwa karibu sana, nta ikalainika na herufi zikajaa. Mwalimu hakulalamika hata siku moja. Aliiweka kando karatasi iliyopasuka, akavuta nyingine, akaanza tena kwa jina la Mungu. Zile zilizoharibika nilizilaza ndani ya sanduku la sabuni chini ya meza yangu, nikalifunika kwa ubao, nikawaambia wote kwamba hizo haziguswi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Sasa niseme desturi ya chumba chetu, maana ndiyo ilinichafua. Karatasi ilikuwa adimu, na kila Jumamosi mchana msimamizi aligawa takataka za wiki: kurasa zilizochapwa vibaya, vipande, mabaki. Kila mtu alikwenda na fungu lake. Tuliziba nyufa za kuta, tulifungia chumvi, na zilizobaki zilichomekwa kwenye msumari wa chooni. Nimewahi kuchuchumaa nikisoma nusu ya Sala ya Bwana kwenye msumari ule. Ilinichukiza, nikacheka, nikairarua. Hatukuheshimu cha kwetu, sembuse cha jirani.

Jumamosi baada ya mwalimu kumaliza ukurasa wa mwisho na kurudi Makambako, msimamizi alilivuta sanduku langu kwa mguu. Kwa mguu! Akalimwaga juu ya meza.

“Hizo za mwalimu,” nikasema. “Nilimwahidi kumrudishia.”

“Mwalimu amekwenda zake. Hizi zina nta, hazipitishi maji wala mafuta. Dhahabu hii!” Akaanza kugawa. Wenzangu wakapokea, mmoja akaviringisha yake akaipuliza kama kipenga. Mimi sikunyoosha mkono. Akanitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. “Au umesilimu, ndugu? Tukuitie ngariba?”

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Kisha nikanyoosha mikono nikapokea fungu langu, nikajiambia walau hizi nitazichoma. Ningeweza kuzikusanya zote kwa nguvu. Ningeweza kwenda kwa Mzungu, ambaye alikuwa ng'ambo ya ukuta na kiko chake. Lakini sikutaka kuchekwa mara ya pili, na kwa kitu kidogo namna hiyo nikamuuza mzee wa watu. Niliposema natema mate, sikumtemea msimamizi.

Nilikwenda Kichiwa siku ile ile, kwa mama. Jirani alikuwa amechinja nguruwe, mama amenunua mapaja mawili ya kukaanga apeleke mnadani Makambako, na shemeji yangu ameleta ulanzi, pombe ya mianzi. Nikaliweka fungu juu ya dari ya jikoni, karibu na moto, nikisema nikishashiba nitalichoma. Ulanzi ulikuwa mtamu, wa siku mbili. Asubuhi niliamka na kichwa kizito, nikawahi ibada, nikatoka kanisani moja kwa moja kudandia lori la Njombe. Sikukumbuka karatasi mpaka nilipofika chumbani kwangu, mtaa wa Mjimwema, na nilipokumbuka nikasema, haidhuru, mama hajui kusoma, atawashia moto tu.

Vitabu vilifungwa wiki iliyofuata. Mzungu alifurahi, akanituma na mafurushi manne Makambako. Nilikuta watu wamekaa barazani kwa mwalimu, zaidi ya ishirini, nami nikadhani wanangoja vitabu. Hakuna aliyeniitikia salamu. Katikati ya mkeka palikuwa na karatasi moja ya nta iliyokunjwa na kukunjuliwa, nyeusi kwa mafuta, na juu yake mwandiko ule mzuri, umeanza kwa jina la Mungu na kupasuka katikati ya mstari wa pili. Kipande cha ngozi ya nguruwe kilikuwa kimegandia pembeni, na nzi walikuwa wanakitembelea. Hakuna aliyetaka kuigusa karatasi ile, wala aliyethubutu kuiacha.

“Imeokotwa mnadani,” mwalimu akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya chini. “Wanasema nimewauzia makafiri jina la Mungu wafungie nguruwe. Baba watatu wameshaondoa watoto wao.” Akawaonyesha waliokaa kwa mkono. “Nimewaambia niliahidiana nawe. Sema mbele yao, mwanangu. Ilikuwaje?”

Hapo ndipo ningeweza kusema. Kinywa kilinijaa mate machungu. Nilikiangalia kile kipande cha ngozi, nikakijua ukaangaji wake, chumvi nyingi na pilipili ya kuponda, maana nimelelewa nacho. La kuvunda halina ubani. Lakini mimi nilijaribu kulifukizia.

“Ni msimamizi wetu,” nikasema. “Alifungua sanduku langu kwa nguvu. Aliwagawia watu. Mimi nilikataa.”

Kila neno lilikuwa na ukweli kidogo isipokuwa la mwisho. Na mzee yule, Mungu amrehemu, akasimama. Akawageukia watu wake, akaweka mkono begani kwangu. “Mmesikia? Huyu Mkristo, na alilinda jina la Mola wetu kuliko wengine humu wanavyolilinda. Nimekaa naye wiki sita. Mkono wake ni safi.” Wanaume wawili wakashusha macho. Mmoja akanishika mkono, wangu huu, akasema, “Tuwie radhi.” Nilihisi kama nimevishwa nguo ya mtu aliyekufa kwa ndui.

Lakini vitabu hawakuvichukua. Walisema mkono umeshaingia uchafu, kosa liwe la nani, uchafu hauondoki. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisogea akanyoosha mkono kwenye furushi, mumewe akamwita kwa ukali akarudi. Nilivirudisha vyote kwenye lori kama nilivyovileta.

Njiani nikashuka Kichiwa. Mama alikuwa uani anapepeta ulezi.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu. Umefanya vizuri kuja.” Akaweka ungo chini, akajifuta mikono. “Yale makaratasi yako ya kuteleza, uliyoyaacha darini, una mengine? Nyama ilifika mnadani mafuta yote yamo ndani, hata kikapu hakikulowa. Wanawake wenzangu wananiuliza nimeyapata wapi.”

Nikamwambia yamekwisha. Akasikitika kweli. Makambako ilikuwa nyuma yangu mwendo wa asubuhi moja, jua lilikuwa bado juu, na mwalimu alikuwa kwenye mkeka wake anautetea mkono wangu kwa watu. Nilikaa nikala ugali. Nilikula na nyama, tena nikaongezewa.

Baada ya miezi mitatu tukasikia amehama. Madrasa ilibakiwa na wanafunzi wanne, kisha wawili, na mzee hawezi kuishi kwa wawili. Wengine walisema amekwenda Kilwa kwa ndugu wa babu yake, wengine Songea. Vitabu vilikaa kwenye kabati letu mpaka panya wakaanza na pembe zake, na Jumamosi moja msimamizi akavigawa. Safari hii hakunitania. Alinitazama tu, maana habari za Makambako zilikuwa zimemfikia, na alijua nilichosema juu yake, na alijua nilipokea fungu kama wengine. Hakuwahi kuniuliza. Alikunja midomo kama mtu aliyeonja kitu kibovu, na tangu siku hiyo hakunywa maji kwenye kikombe nilichotumia mimi.

Kabla hajahama, mwalimu alimpa dereva wa lori kitu aniletee. Ilikuwa kalamu yetu ya chuma, mali ya chuo, ambayo aliondoka nayo kwa kusahau. Ameisafisha ikang'aa, ameivingirisha kwenye kitambaa cheupe kipya, kipande cha bafta. Dereva alikuwa ameshikilia maneno yake kichwani kama watu wa barabara wanavyojua. “Amesema, irudi kwako wewe mwenyewe, isipite kwa mwingine. Amesema kitu chake kikiwa mkononi mwako, yeye hulala amefumba macho.”

Kalamu niliirudisha kabatini. Kitambaa nilikitunza mezani kwangu Mjimwema, nimekikunja, sijui kwa nini. Mwezi wa Pasaka mama alikuja kunitazama na kapu la nyama ya nguruwe kichwani, anaelekea kuuza mjini. Akakiona, akakishika, akakipima kwa vidole.

“Kitambaa safi hiki,” akasema. “Nipe nifunikie nyama, nzi wamenisumbua njia nzima.”

Kumnyima ingebidi nimwambie kwa nini. Nilimpa.