Hodi ya Mbwa

Mama yangu hawezi kusikia hodi akanyamaza. Ndivyo alivyolelewa: mtu akibisha, jibu ni karibu, hata kama mikono ina unga, hata kama nyumbani hamna cha kumpa mgeni. Tangu miguu yake ilipokataa kumbeba, kukaribisha watu ndiyo kazi aliyobaki nayo. Hukaa kitandani, karibu na dirisha la nyumba yetu hapa Makangale, akisubiri sauti za wanawake wenzake. Siku wakija, hula vizuri. Siku wasipokuja, huniuliza kama kuna mahali pana msiba ambao hatukuambiwa.

Mbwa ndiye aliyewapunguza.

Aliletwa na kaka yangu kabla hajavuka kwenda Unguja kutafuta kazi. Konde letu la muhogo linapakana na msitu, na kima wa huku hawana haya: hung'oa muhogo mchanga, wakauuma kidogo, wakautupa. Mbwa akiwa wazi hawashuki. Akifungwa, hukaa juu ya miti wakimtazama, kisha wakashuka. Kwa hiyo mchana kutwa yu wazi, na mchana ndio wakati wa wageni.

Si mbwa mkali. Ukimpita bila kumtazama, naye hakutazami. Lakini kabla hajawa wetu kuna mtu alimpiga sana, na ukimwendea moja kwa moja, au ukiwa na fimbo, hulamba pua yake, hugeuza uso pembeni, kisha hushusha kichwa. Hapo ndipo pa kusimama. Mimi nazijua dalili hizo kwa kuwa namtazama kila siku. Mgeni hazijui. Na kwetu mbwa ni wa kukimbiwa au kutupiwa jiwe. Mate yake najisi, mtu ana udhu wake, nani atasimama amsome uso?

Basi nikaanza kutafuta alama ya kuwaambia watu, kabla hawajafika mlangoni, kama leo anaendeka au haendeki.

Kwanza nilimfunga kitambaa chekundu shingoni, nikidhani kila mtu anajua kuwa nyekundu ni hatari. Jirani yetu wa upande wa barabarani, mwanamke wa rika langu ambaye hakosi neno, alisimama mbali akamtazama.

"Shoga, mbwa mmempandisha cheo?"

"Cheo gani?"

"Hicho kitambaa. Huyo sasa wa kilingeni. Miye sipiti hapo bila ubani."

Alikuwa anatania, lakini wengine hawakutania. Wiki hiyo hakuja mtu kabisa. Wakisikia uganga watu hawaulizi, huzunguka njia. Nikakifungua.

Kisha nikachagua kanga. Kanga kuukuu iliyochujuka, nikawa naitundika kwenye kiguzo pale njia inapoingia uani. Ikiwapo, mbwa yu wazi, simama uite kwa jina langu. Ikiwa haipo, amefungwa, pita. Nilimwambia jirani, nikawaambia wanawake wa mama mmoja mmoja, na wao wakaambiana. Wakaanza kurudi. Kila aliyekuja, nilitoka kondeni kumfunga mbwa, nikaishusha kanga. Alipoondoka, nikamfungua mbwa, nikaitundika tena. Nilichoka, lakini mama alikuwa anacheka na watu chumbani, na mimi nilikuwa nasikia kucheka kwake nikiwa nalima.

Nililolisahau ni kuwa kanga juu ya kiguzo ni kanga, na wingu likija nguo huanuliwa. Kwetu huiachi nguo ya mwenzio ilowe ati kwa kuwa si yako.

Siku hiyo wingu lilitokea ghafla upande wa bahari. Nilikuwa kondeni, mbwa yuko uani. Jirani alikuwa anaanua zake, akaiona yangu, akaianua pia, akaenda kuikunja kwake. Mvua yenyewe haikunyesha. Jirani alipokwisha kwenda, akaja bibi mmoja aliyekua pamoja na mama, anayetembelea mkongojo. Alitazama kiguzo, akaona hakina kitu.

"Hodi."

"Karibu, pita ndani," mama akajibu kutoka kitandani.

Nilipofika mbio, mbwa alikuwa ameuma pindo la buibui, na bibi ameuinua mkongojo. Nilimwambia, "Ushushe, bibi, ushushe chini," akaushusha, na mbwa akaachia. Mwili haukuguswa. Nilimkalisha, nikamvua buibui, nikalifua lile pindo kama inavyotakiwa, maji mara saba, na moja yake kwa udongo. Yeye alikuwa ananisimamia papo hapo.

"Udongo bado. Usinidhulumu udongo."

Jirani akaingia na kanga yangu kifuani, imekunjwa vizuri.

"Nimekuanulia, shoga, nikaona italowa."

Akatazama buibui ndani ya beseni, akamtazama mbwa, akakaa chini mwenyewe.

Mama alikuwa analia. Alisema mbwa aondoke, halafu akasema muhogo utaliwa, halafu akasema, "Mimi ndiye niliyesema pita."

"Weye huna kosa," bibi alimwambia. "Hodi mmeijibu ya mtu. Ya mbwa nani kaijibu? Kuanzia leo miye nitabisha mbili. Kwanza hodi ya mbwa."

Likashika. Sasa wanawake husimama kiguzoni na kuita, "Hodi ya mbwa!" Mimi hujibu "Kafungwa" au "Ngojeni". Baada ya hapo ndipo hupiga hodi ya mtu, na mama akawakaribisha. Makubaliano yetu na mama ni kuwa hodi tupu, isiyotanguliwa na ile ya mbwa, asiijibu mpaka anisikie mimi.

Juzi nilikuwa mwisho wa konde, mbali, niliposikia sauti ya mwanamume nisiyoijua. "Hodi." Mgeni huyo, hajui hodi zetu. Nikaacha jembe, nikaanza kurudi. "Hodi." Mbwa alikuwa amesimama uani, analamba pua. Ndani, kimya. "Hodi." Ya tatu hiyo, na ya tatu isipojibiwa mtu hurudi alikotoka.

Nilimfunga mbwa, nikatoka hadi barabarani. Njia ilikuwa tupu, na mchangani palikuwa na alama ya baiskeli.

Niliporudi, mama alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga yake. Akauondoa polepole.

"Umemuwahi?"

"Kesha kwenda."

"Tangu nizaliwe," alisema, "sijamrejesha mtu mlangoni."

Nikakaa pembeni yake kitandani, matope miguuni. Uani mbwa alikuwa analia kutaka kufunguliwa, na kutoka upande wa msitu nilisikia matawi yakitikisika.